Mjomba alinikuta nimekalia mbuzi

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mtwara mjini, upande wa Magomeni. Naomba jina langu lisitoke. Niite Baba Nasra, maana akina Baba Nasra hapa mjini tuko wengi.

Mimi ni mtu wa Tandahimba, umri wangu miaka 38. Nilikuja mjini kijana, nikafanya vibarua vya kila namna, mwisho nikatulia kwenye ghala moja la korosho, kupakia na kupakua. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80 na kwa siku unabeba mpaka unasahau idadi. Msimu wa juzi, mwezi wa Desemba, ubao wa kupandia kwenye lori uliteleza. Nilianguka chali, gunia likanifuata. Hospitali wakaniambia uti wa mgongo umeumia, nisinyanyue tena kitu kizito. Ghalani walinipa pole ya elfu hamsini na soda. Toka hapo hakuna aliyenipigia simu.

Mke wangu ni mtu wa Mikindani. Zamani alikuwa anakaanga samaki jioni pale nje kwetu, hela ya chumvi na kiberiti. Nilipoanguka akakopa kwenye kikoba chao, akaanza kununua pweza. Siku za bamvua anavuka kwenda Msangamkuu, siku nyingine yuko Naumbu, anawasubiri akina mama wanaotoka kwenye miamba na vijana wanaozamia, anapima, anapakia kwenye barafu, anamfikishia wakala. Mungu kamfungulia. Leo kodi ya nyumba, chakula, shule na madrasa vyote vinatoka kwenye pweza.

Mimi niko nyumbani. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa nalala tu naangalia bati. Siku moja mdogo akaenda kuomba chai kwa jirani, nikasikia jirani anamuuliza, "Baba yako si yupo?" Kesho yake nikawasha jiko. Niliunguza sana, Bibi. Lakini sasa najua. Napika wali, napika kisamvu, na samaki wangu wa nazi mke wangu anakula mpaka anapangusa sahani kwa kidole. Nisikufiche, kazi yenyewe naipenda.

Ila naifanya mlango wa uani umefungwa. Nguo naanika usiku. Sokoni siendi, namtuma Nasra. Ana miaka 11, ni msichana mwepesi, ndiye anayechota maji na vyombo anaosha yeye akitoka shule. Shafii ana miaka 9, huyu ni mpira tu. Tukiwa na mgeni, mke wangu akirudi usiku namwomba apakue yeye, ionekane kapika yeye. Na nimsifu katika jambo moja, maji yangu ya kuoga bado ananitengea kama zamani. Heshima ya mume ipo.

Sasa kilichonileta. Ijumaa moja kabla ya Ramadhani, mjomba wangu, kaka yake mama, alishuka kutoka Tandahimba bila kupiga simu. Hodi ya kwanza sikuisikia. Nilikuwa nimekalia mbuzi uani, kanga ya mke wangu kiunoni, nakuna nazi ya pili, chembe zimenirukia hadi kwenye ndevu. Nainua kichwa, Mjomba kasimama na begi lake. Hakunisalimia. Akauliza, "Mama Nasra yuko wapi?" Nikamwambia yuko baharini. Akanitazama kuanzia kanga mpaka nazi, akasema, "Mbona namwona hapa?"

Niliondoka na ile mbuzi mbiombio, nikaisukumia mvunguni mwa kitanda. Mpaka leo iko huko. Tunakula mchuzi wa mafuta.

Mjomba alilala siku mbili. Kijiweni akawasikia vijana wa bodaboda wanavyoniita "Mama Nasra", wengine "marioo". Akasema mambo yako wazi, mtoto wake kalishwa limbwata. Ameitisha kikao baada ya Idi. Anataka hela yote ya pweza ipite mkononi mwangu ndipo nimpe mke wangu ya matumizi. Mke akikataa, nirudi Tandahimba kwenye mikorosho ya mama. Na kabla ya yote niende kwa mganga nikatapishwe. Anasema mila, dini na serikali zote zinasema mamoja: mwanaume ndiye anayelisha, mwanamke ndiye wa jikoni.

Mke wangu alinyamaza mbele yake. Usiku akaniambia, "Pweza nipime mimi, na aibu yako niibebe mimi?" Akageukia ukutani.

Bibi, huyu mjomba ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipeleka jando. Siwezi kumvunjia adabu. Nimjibu nini? Na wewe umeishi kuliko sisi: iko siku watu wataacha kusema hii ya kike na hii ya kiume, au tunajidanganya?

Baba Nasra, Mtwara

*

Marahaba, mume wangu.

(Wasomaji wa mbali wasishtuke. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, na mume wa aina hiyo ndiye unayeweza kumwambia ukweli bila kuitiwa kikao.)

Limbwata nitalimaliza haraka. Mtu aliyelishwa limbwata hana habari, anacheka tu na kufuata kanga. Wewe barua yako nzima ni aibu, kuanzia mlango uliofungwa hadi mbuzi ya mvunguni. Kama mkeo alikulisha dawa, basi adai hela yake. Usiende kutapishwa, utatapika samaki wako wa nazi bure. Nami nimewaona wanawake waliopika, wakalima, wakachota maji na kulea miaka arobaini huku mume kakaa barazani anacheza bao, na sikusikia hata mmoja akisemwa kuwa kalishwa kitu.

Tuje kwenye mila, kwa kuwa Mjomba kaja nayo begini.

Mjomba wako ni mtu mzima wa Kimakonde, ngoma za midimu, zile za vinyago, amezicheza kuliko mimi na wewe. Muulize kwa adabu, mkiwa wawili: yule anayetoka amevaa sura ya msichana usoni, na kifuani kafungwa kiwiliwili cha mti, maziwa yamesimama, tumbo la mimba limechorwa chale, ndani yake kuna nani? Ni mwanaume. Tena anacheza polepole, kwa taabu, kama mjamzito anavyojikokota. Zamani sisi wanawake hatukutakiwa kujua ndani mna nani. Tulijua. Tulinyamaza kwa heshima. Viwiliwili vile leo vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya, wazungu wanavilipia kiingilio. Fundi wa Kimakonde alichonga mti ili mwanaume abebe mimba mbele ya wali, yaani vijana wanaofundwa, na wazazi wao, na hakuna mjomba aliyeitisha kikao. Wewe umefunga kanga moja tu, tena kwa kuokoa kaptura.

Halafu jiulize kwa nini aliyekuja kukuhoji ni mjomba na si baba mdogo. Ni kwa sababu Wamakonde, kama Wamwera, Wayao na Wamakua, huhesabu mtoto kuwa wa ukoo wa mama. Wazee wetu walipooa walihamia kwa wakwe. Kijana alilima shamba la mama mkwe huku mama mkwe anamtazama mkono, na akishindwa alirudishwa kwao na jembe lake. Watoto aliozaa wakubwa wao walikuwa wajomba zao. Hiyo nayo ni mila, na ndiyo ya zamani zaidi. Huyu baba mwenye mji, ambaye kila senti lazima ipite mfukoni mwake, amekuja kwetu kidogokidogo: kodi aliyodaiwa mwanaume na serikali za kikoloni, safari za kwenda kukata mkonge kuitafuta hiyo kodi, mirathi ya Kiislamu inayopita kwa baba, na mkorosho. Muhogo unaung'oa mwaka huu au ujao umekwisha. Mkorosho unakuzika na kubaki, na mtu akishakuwa na mti wa kubaki anaanza kumtazama mwanawe badala ya mpwawe.

Sikwambii zamani ilikuwa pepo ya wanawake. Mama yangu hakuwa chini ya mume, alikuwa chini ya kaka yake, na kaka yake alikuwa na sauti kubwa kuliko baba yangu. Nakwambia tu kwamba Mjomba akisema "mila" anamaanisha mambo aliyoyakuta akiwa kijana. Sote tuko hivyo. Hata mimi naona muziki mzuri uliishia mwaka niliokuwa na miaka ishirini na tano.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho ukikiona mara moja hutaacha kukiona. Toka nje ya mlango wako saa kumi na mbili asubuhi. Ndoo ya maji iko kichwani kwa nani? Mwanamke. Kaa hapohapo. Atapita mtu anasukuma baiskeli, kafunga madumu sita, jasho linamtoka, anauza maji. Huyo ni nani? Mwanaume. Maji ni yaleyale na bomba ni lilelile. Yakiwa kichwani ni kazi ya kike, yakipanda baiskeli na kuwekewa bei yanaitwa biashara. Nenda kwenye harusi ukatazame nyuma ya turubai: sufuria ya pilau inayotosha kumwogesha mtoto inakorogwa na mwanaume, anaitwa fundi. Anayekaanga chipsi pale stendi ni mwanaume. Anayeshona magauni ya akina mama barazani ni mwanaume, na anawapima kiuno bila mtu kuguna.

Mkeo atakusimulia habari ya pweza. Tangu enzi pweza wa miamba alikuwa wa wanawake na watoto. Maji yakipwa wanatembea kwa miguu na fimbo zao, wanachokoa mashimo. Ilikuwa kitoweo, na wanaume walikuwa wanakwenda kwenye samaki. Walipokuja wanunuzi na bei ikapanda, vijana wa kiume wakavaa miwani wakazamia kule ambako fimbo haifiki. Hakuna aliyewaambia wamefanya kazi ya mama zao. Wakaitwa wavuvi.

Umeona mchezo? Kanuni haivunjiki kwa sababu kila anayeivunja anapewa jina la pembeni. Mwanaume akipika kwa hela ni fundi, akipika bure ni bwege.

Nilikulia Nachingwea. Mwaka 1967 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianzisha kikosi cha wanawake, na mafunzo yao ya silaha yalifanyika huko kwetu. Sisi wasichana tulikuwa tunafundwa kwamba mwanamke hapazi sauti mbele ya wanaume, na jirani yetu wasichana wa rika la dada zangu wanajifunza bunduki wavuke Ruvuma wakapigane na Mreno. Nikamuuliza babu, mbona wale? Babu akasema, "Wale ni wa vita." Basi. Neno moja likatosha kulinda mafundisho yote ya nyumbani. Sikulisahau, na nilipoliona neno "limbwata" kwenye barua yako nikamkumbuka babu. Mjomba kaona kitu ambacho kwenye hesabu yake hakipo, mwanaume mzima anayekuna nazi kwa hiari. Lazima akipe jina la pembeni, la sivyo hesabu nzima airudie upya, na hesabu ya miaka sabini si mchezo kuirudia. Mhurumie.

Kuhusu dini na serikali nitasema kifupi, maana hapo Mjomba kashika nusu ya kweli. Katika Uislamu matumizi ya mke ni juu ya mume, sibishi. Lakini Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Mjomba anaijua hadithi hiyo, ameisikia kwenye mawaidha mara nyingi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inasema kweli kwamba mume ana wajibu wa kumtunza mke. Asome na mstari unaofuata katika kifungu hichohicho: mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza mume ambaye maradhi au majeraha yamemzuia kujipatia riziki, yote au sehemu. Huyo ni wewe na mgongo wako. Mkeo hajakupindua. Anatekeleza sheria ambayo pengine hata haijui. Na kazi ya nyumbani si bure kama kijiwe kinavyodhani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kama ilihesabiwa kwa Bi Hawa, kwako itakuwaje sifuri?

(Na hiyo ajali ya ghalani, usiishie kwenye soda. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa ajili ya watu wanaoumia kazini. Chukua karatasi zako za hospitali ukaulizie kama unastahili, na uende wiki hii.)

Haya, Mjomba nimemsema vya kutosha. Sasa ni zamu yako, vuta mkeka.

Unaniuliza iko siku watu wataacha kusema hii ya kike hii ya kiume. Mume wangu, umeisoma barua yako kabla ya kuituma? Nasra anachota maji, anakwenda sokoni, anaosha vyombo. "Shafii ni mpira tu." Umeiandika kama mtu anavyoandika kwamba jua linachomoza mashariki. Baba mtu analia kwamba dunia inamfungia jiko, na papo hapo anamfungia binti yake ndani ya jiko hilohilo kwa funguo za babu yangu. Kisha kuna maji ya kuoga. Mtu ameshinda na jua la Naumbu, mikono inanuka pweza, barafu imemkausha vidole, anafika saa mbili usiku, halafu akutengee maji wewe uliyeshinda nyumbani? Mgongo mbovu najua, ndoo nzima huwezi. Nusu ndoo je? Umesema anageukia ukutani. Mimi ningegeukia ukutani mapema zaidi.

Na siku za wageni unampa mwiko apakue chakula chako, aonekane kapika. Hapo ndipo penye kidonda, kuliko maneno ya Mjomba. Kila ukifunga mlango wa uani unawaambia watoto wako kwamba unachofanya ni wizi. Kijiwe kinakucheka kwa sababu kinakuona unajificha. Mtu akikimbia, mbwa hata asiyekuwa na haja naye humfukuza.

Nikujibu na swali kubwa. Tangu Machi 2021 nchi hii ina rais mwanamke. Bado kwenu mwanaume akikuna nazi ni habari ya kufikishwa Tandahimba. Ikulu ilifunguka kabla ya jiko! Nimeliwaza sana jambo hili. Binti akiendesha lori wanasema huyo mwanamke jembe, kapanda. Mwanaume akishika mwiko wanasema kashuka. Kwa hiyo mlango wa kwenda juu umekwisha kulegea, na wanawake wanapita, wachache wachache. Mlango wa kuja huku kwetu ndio umebaki na kutu, kwa kuwa watu hawajakubali kwamba huku nako ni mahali. Vijana wakikuita "Mama Nasra" wanadhani wamekutukana. Litafute hilo tusi liko wapi. Hilo ni jina la mkeo, anayelisha watu wanne kwa pweza.

Basi jibu langu ni hili: yatahama, nimeyaona yakihama, ila hayatahama yote na hayatatangazwa. Mama yangu hakuwahi kuona mwanaume akimbeba mtoto mgongoni barabarani, mimi naona kila wiki pale kliniki. Wanaobeba hawakusubiri jamii ikubali. Walichoka kusubiri bibi mtu aje kutoka kijijini. Kejeli zitabaki, nazo zina umri wake kama nguo. Kijiwe kitakucheka miezi mitatu, halafu mmoja wao mkewe atapata kazi Dar es Salaam, atakuja usiku kwa siri kukuuliza wali unatiwa maji kiasi gani.

Sasa kikao. Usikikwepe na usikifute, Mjomba ana haki ya kukuita. Ila kifanyike kwako Magomeni, na mkeo akae kwenye mkeka, si nyuma ya pazia. Kabla ya siku hiyo zungumza naye. Anza kwa kumwomba radhi kwa ule mwiko wa wageni, na umuulize yeye anataka nini, maana kwenye barua yako yote hiyo nimesikia sentensi yake moja tu.

Hoja ya hela kupita mkononi mwako, kataa. Biashara ni yake, mkopo wa kikoba kaubeba yeye, na wakala anamjua yeye. Anayezuiwa kulipa barafu mpaka mume aamke, pweza wake ataoza. Sema hivyohivyo, Mjomba ni mtu wa korosho, anajua mali inayosubiri sahihi ya mtu inakuwaje. Lakini kama mkeo anataka, mshikie daftari: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, nani anadaiwa. Ulikuwa ghalani, mizani unaijua. Kuandika hesabu yake si kuimiliki, na tofauti hiyo uitaje wewe mwenyewe mbele ya wote kabla hajaitaja mtu mwingine.

Kurudi Tandahimba kupalilia na kupiga salfa na mgongo huo ni kwenda kumalizia ulichokianza ghalani. Mwonyeshe Mjomba karatasi za daktari. Huenda hajui kwamba umeumia kiasi hicho. Wanaume wa kwetu huficha maumivu kwa wajomba zao, halafu wanashangaa wajomba wakiwaita wavivu.

Adabu yake mtunzie kwa chakula. Siku hiyo pika wewe, samaki wa nazi, wali, na pilipili ya kuponda pembeni. Mkeo asishike mwiko. Umnawishe Mjomba mikono wewe, kama alivyokufundisha jandoni kumheshimu mkubwa, umpakulie wewe, na akimaliza kula ndipo umwambie nani kapika. Akinyamaza, usimjaze maneno. Akisema chumvi imezidi, kubali.

Nazi zianze kukunwa asubuhi na mapema. Ya kwanza akune Shafii, hata kama ataiharibu nusu, na Nasra siku hiyo mwache akacheze. Kwa hiyo mbuzi itoe mvunguni leo, uifute na kuianika juani, kabla mchwa hawajaianza.